Siku Niliyodhani Nimeimaliza Bahari

Sokoni Korogwe kuna kona moja ambayo binti yangu huipita mbio, ameziba pua kwa ncha ya mtandio. Ni kona ya wauza samaki wakavu: papa wa chumvi, ng'onda waliopangwa kwenye matenga, kamba wadogo waliomwagwa juu ya gunia. "Mama, twende bwana, unanusa nini hapo?" hunilalamikia. Mimi husimama. Najifanya nauliza bei, na muuzaji ameshanizoea, anajua mara nyingi sinunui kitu. Harufu ile ikinipiga puani najikuta natabasamu peke yangu mbele za watu, maana nakumbuka nilivyofika pwani kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto wa darasa la pili, nikalala usiku mmoja tu, na asubuhi yake nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba nimeikausha bahari.

Msicheke kwanza. Mngekuwa mimi, na mmetoka nilikotoka, mngeamini vilevile.

Nilizaliwa Misima, Handeni, na wenzangu wa rika langu waliokulia upande ule hawahitaji kuelezwa habari za maji. Tulikuwa na lambo, na lambo lilikuwa mbali. Tuliamka kabla ya jogoo, kila mtu na dumu lake kwa kadiri ya shingo yake, tukakuta ng'ombe wa Wamasai wametutangulia na foleni imeshapinda. Bibi mzaa mama, niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja, alikuwa na sheria moja kuu kuliko zote: maji hayamwagwi. Maji ya kuoshea mchicha yalilowekewa nguo, na ya nguo yakapelekwa kwenye mnyanya nyuma ya jiko. Mnyanya ule ulikunywa sabuni nyingi mpaka nikawa nahofia siku moja nyanya zake zitatoa povu.

Tatizo la nyumba ile lilikuwa mimi. Nilikuwa na kiu isiyo na adabu. Nikirudi shule nilikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, nikanywa kata ya kwanza bila kupumua, ya pili kwa raha, na ya tatu kwa sababu tu ilikuwepo. Mama alinigombeza. Bibi hakunigombeza, alinitania. "Mke mwenzangu," aliniita, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "wewe tumbo lako ni lambo la pili. Serikali ikijua itakuja kukuwekea uzio." Nami nilimjibu kwamba yeye hanywi maji kwa sababu hana meno ya kuyatafunia. Tulikuwa hivyo, mimi na yeye, kutwa nzima tunarushiana maneno, na Mama anatikisa kichwa.

Kisha Bibi akafa. Alilala mchana mmoja baada ya kula, na hakuamka. Ulikuwa mwaka wa ukame, mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, na lambo limebaki dimbwi la tope katikati.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipoanzia. Kwetu Uziguani, kama mnavyojua, msiba bila watani haujakamilika. Ukoo wetu ulikuwa na mtani wake, Mzee Mhando, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Ninyi mnajua kazi ya mtani msibani. Mimi sikuijua, kwa sababu ule ulikuwa msiba wangu wa kwanza. Nilimwona mzee mzima anaingia uani amejifunga kanga ya Bibi, ameweka ndoo kichwani, anachechemea kama Bibi alivyokuwa akichechemea, na anadai kuku wake la sivyo jeneza halitoki. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatiririka. Nikashangaa sana. Nikasogea karibu nipate kuelewa, na hapo akaniona.

"Huyu hapa!" alipiga kelele, akaninyooshea kidole. "Mmemtafuta muuaji, huyu hapa! Lambo kalinywa kalimaliza, akaona haitoshi, kammaliza na bibi yake! Mfungieni ndani huyu kabla hajamaliza kijiji!"

Uani wote ukaangua kicheko. Hata Mama, aliyekuwa ameinama kwenye mkeka, mabega yake yalitikisika. Mimi sikujua kama anacheka au analia. Nilijua kitu kimoja tu: mtu mzima amesema mbele ya watu wote, na hakuna hata mmoja aliyembishia.

Na lambo, wiki ileile, likakauka kabisa.

Basi nikajifanyia kesi mwenyewe, nikajihukumu mwenyewe. Niliacha kunywa maji. Nililowanisha ulimi tu, nikamwachia Mama yaliyobaki, kwa sababu kwa hesabu yangu baada ya lambo na Bibi aliyekuwa anafuata ni yeye. Niliacha hata kulala karibu naye. Mama naye tangu siku ya mazishi alikuwa kama mtu aliyehamia ndani ya nafsi yake akafunga mlango. Alipika, alifagia, aliitika salamu, basi. Midomo yangu ikapasuka, nikakonda, na watu wakasema mtoto ana huzuni ya bibi yake. Walikuwa sahihi nusu. Hiyo nusu nyingine hakuna aliyeiuliza.

Arobaini ilipopita, Mama Mdogo Zuhura, mdogo wake Mama, aliyekuwa ameolewa pwani, akasema atanichukua likizo nzima. "Akapigwe na upepo," alisema. Nilikubali haraka hadi wakashangaa. Hawakujua kwamba nilikuwa namwokoa Mama kwa kuondoka. Nilichosikitikia ni Mama Mdogo tu, mwanamke mnene mcheshi asiye na hatia, ambaye alikuwa anajichukulia ajali na kuipeleka nyumbani kwake.

Njiani tulipita Korogwe. Darajani akanionyesha mto, maji mekundu mengi yakienda zake bila mtu kuyazuia. "Haya yote yanakwenda baharini," alisema. Nikawaona watu wa Korogwe ni wabadhirifu wakubwa. Tukapanda basi la Tanga, tukashukia Muheza, tukapata gari jingine la kuelekea Pangani, na alasiri tukateremka kwenye kijiji cha minazi, chenye harufu ile niliyowaambia.

Mama Mdogo alinishika mkono, akanipitisha kati ya nyumba mbili, akasema, "Haya, ile pale."

Nisingeweza kuielezea wakati ule na sidhani kama naweza sasa. Maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na mizizi ya minazi. Hayakuwa na ng'ambo. Hapakuwa na foleni, hapakuwa na mlinzi, hapakuwa na mtu anayegombania zamu na mwenzake. Watoto walikuwa wanarushiana maji usoni, wanayamwaga ovyo, na hakuna aliyewachapa. Moyo wangu ulifunguka kwa furaha, halafu ukajifunga papo hapo, nilipokumbuka mimi ni nani.

"Tia miguu," akasema Mama Mdogo.

"Sitaki."

"Kidogo tu, mwanangu. Haiumi."

Nikatia kidole gumba cha mguu wa kulia. Wimbi likaja likanilamba hadi kwenye kifundo, baridi tamu, nikatoka mbio hadi nyumbani. Nilisema bismillahi, nikajipa matumaini kwamba kidole kimoja si kitu kwa maji mengi namna ile.

Asubuhi nilichelewa kuamka kwa uchovu wa safari. Nyumba ilikuwa kimya. Nikatoka nje nikipikicha macho, nikapita kati ya zile nyumba mbili, nikatazama.

Bahari haikuwepo.

Palepale palipokuwa na maji palikuwa na mchanga wa kijivu na tope, umeenda mbali mpaka macho yanachoka. Mitumbwi ililala ubavu. Vidimbwi vilibaki huku na huku, na ndani yake samaki wadogo wanahangaika, kama walivyohangaika kambare wa lambo letu siku za mwisho. Na kilichonimaliza nguvu kabisa ni wanawake. Walikuwa wametapakaa kule mbali, wameinama, wamejifunga kanga viunoni, kila mmoja na ndoo, wanachokoa ardhi kwa vyuma. Nilikuwa nimewaona wanawake wa namna hiyo maisha yangu yote. Kwetu lambo likikauka, wanawake hukimbilia katikati na ndoo, wanafukua tope kutafuta maji ya mwisho. Na Mama Mdogo Zuhura alikuwa miongoni mwao, nilimtambua kwa kanga yake ya njano.

Wengine walikuwa wanaimba. Nikajua hawajapewa habari ya aliyesababisha.

Nilisimama pale. Wazo la kwanza lilikuwa kukimbia, lakini nikimbilie wapi? Kwa Mama? La pili nililipata nilipogeuka nikaona ndoo ya Mama Mdogo ya maji ya kunywa, imefunikwa kwa sinia mlangoni pa jiko, imejaa pomoni. Sijui mtoto wa Handeni mwingine kama amewahi kufanya nilichofanya. Niliinua ndoo ile kwa shida, nikajitwika, nikateremka nayo mchangani. Nilitembea kwenye tope, linanishika miguu, kaa wananikimbia, shingo inaniuma, hadi nikafika nilipodhani ni katikati. Nikaitua. Na mikono yangu, iliyofundishwa tangu kuzaliwa kwamba maji hayamwagwi, ikakataa. Ilibidi nifumbe macho. Nikamwaga yote, hadi tone, nikasema kwa sauti, "Nimeyarudisha. Naomba usimchukue Mama."

"We Mwajuma! Mtoto wewe! Unafanya nini na maji yangu?"

Mama Mdogo alikuwa anakuja mbio, matope hadi magotini, na nyuma yake Bi Tatu, jirani yake, mwanamke mkavu aliyeshika nondo iliyochongwa ncha, na pweza ananing'inia kwenye ndoano. Nilijua nimefikishwa mahakamani. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu Bibi afe, na katika kulia nikayatoa yote: kata tatu za maji, lambo, Mzee Mhando, kidole gumba, Mama.

Bi Tatu alinisikiliza mdomo wazi. "Mtoto huyu kasema kaikausha bahari?" Kisha akapiga magoti kwa kicheko, nondo ikaanguka, pweza naye akapata nafasi ya kupumzika. "Ya Rabi! Maji ya kifuu, bahari ya chungu! Zuhura, umetuletea mtu huku!"

Mama Mdogo naye alianza kucheka, akacheka hadi akashika mbavu. Ila alipokumbuka kwamba nimemtaja Mzee Mhando, kicheko chake kilikatika. Akachuchumaa mbele yangu kwenye tope lilelile, akanishika uso kwa mikono yenye harufu ya pweza.

"Mwajuma. Nisikilize. Mhando ni nani kwetu?"

"Mzee."

"Ni mtani. Mtani msibani kazi yake ni kusema uongo. Anautafuta uongo mkubwa kuliko msiba, ausimamishe mbele za watu, ili wapate kupumua. Angesema mimi nimemla bibi yako nyama, na ningecheka. Alikuona wewe mdogo, umenyauka peke yako pale, akataka kukuvuta uingie kwetu tuliokuwa tunacheka. Hakuna aliyekuambia?"

"Hakuna."

"Hakuna," alirudia, na machozi yakamtoka. "Sote tulijua, tukadhani nawe unajua. Bibi yako alikuwa mzee, mwanangu, moyo wake ulichoka. Na lambo lilikauka kwa jua. Na hii," akageuka kunionyesha ule uwanja wa tope, "hii inaondoka na kurudi kila siku ya Mungu. Inaitwa maji kupwa. Hivi sasa ndiyo kwanza inageuka. Angalia."

Nikaangalia. Kwa mbali, utepe mwembamba unaometa ulikuwa umeanza kuingia kwenye mifereji ya mchanga. Ulikuja taratibu, ukazunguka nyayo zetu, ukainua majani ya baharini yaliyokuwa yamelala. Nitasema ukweli: moyoni niliamini ni ile ndoo yangu. Niliendelea kuamini hivyo siku kadhaa, na sikuona haja ya kumwambia mtu.

Tulirudi nyumbani nimebebwa mgongoni, msichana mkubwa mzima. Mama Mdogo aliomba maji kwa Bi Tatu, kwa kuwa yake yalikuwa yameshaingia baharini, akachota kata, akanipa. Nikanywa. Akachota nyingine. Nikanywa hadi tumbo likawa linapiga kelele nikitembea, na Bi Tatu akasimama pembeni akiwaambia majirani wafunike mitungi yao.

Likizo iliyobaki ilikuwa raha tupu. Kila maji yakipwa nilikwenda mwambani na wale wanawake, nimejifunga kanga kama wao. Bi Tatu alinifundisha kumtafuta pweza: huangalii pweza, maana anageuka rangi ya jiwe, unaangalia takataka za mlangoni kwake, magamba ya kaa na chaza aliokula akayatupa nje. "Mlafi hufichuliwa na makombo yake," alisema, akaniangalia kwa jicho la pembeni. Nikamwambia yeye basi hawezi kufichuliwa, kwa vile anakula na makombo. Akanikimbiza kwenye mwamba mzima, mama mzima yule, wenzake wanashangilia. Niligundua kinywa changu kimerudi. Nilinenepa. Nilijifunza kuoga baharini, kujilaza juu ya maji masikio yakiwa ndani, nikisikia kokoto zinavyosuguana chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na maji mengi kuliko kiu yangu. Niliwaza sana habari za Bibi nikiwa nimelala vile, na haikuniuma kama zamani. Na kila wanawake walipokuwa wanateremka na ndoo zao, mmoja lazima apaze sauti: "Mwajuma wa Handeni! Umeyanywa tena?" Nami najibu, "Nimeyanywa, leo yalikosa chumvi!"

Likizo ilipokwisha, Mama akaja kunichukua mwenyewe. Hakuwahi kufika pwani maishani mwake. Alilala njiani Muheza, akashuka kwenye gari asubuhi, amekonda, kanga nyeusi, mkononi ana kikapu chenye kuku wa zawadi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipapasa mashavu kuona nilivyonenepa, lakini uso wake ulikuwa bado umefungwa vilevile. Mama Mdogo akasema kabla ya chai lazima aone bahari. Tukampitisha kati ya zile nyumba mbili.

Maji yalikuwa yamepwa. Mama akasimama. Akaangalia tope, mitumbwi iliyolala ubavu, wanawake na ndoo zao kule mbali. Niliona anavyoshtuka, maana mtu wa Handeni, mtoto au mtu mzima, hashindwi kuisoma picha ile.

"Zuhura," alisema kwa sauti ndogo, "mbona… bahari yenyewe iko wapi?"

Mama Mdogo alifungua mdomo kumjibu. Mimi nikamwahi.

"Nimeinywa, Mama. Nilikuwa na kiu."

Kwetu mtoto hutaniana na bibi na babu. Mama yako humtanii, na hasa mama aliye kwenye msiba. Mama Mdogo akaangalia chini. Mimi mwenyewe nilishtukia nilichosema, nikaanza kurudi nyuma nikisubiri kofi.

Mama alinitazama kwa muda mrefu. Kisha kitu kikaanza kumtetemesha kidevu, kikashuka mabegani, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hadi kikapu kikamponyoka na kuku akatoka nje akikimbilia kwenye tope. Alicheka akaketi mchangani. Alicheka huku anapiga ardhi kwa kiganja, akalia, akacheka tena, nasi tukabaki tumesimama kama watumishi wasiojua walete nini. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama yangu akicheka namna ile.

Hatimaye akajifuta uso kwa pindo la kanga. Akavua kandambili zake, akaziweka pamoja, akanyoosha mkono nimwinue.

"Haya," alisema, "nipeleke nikaone ulikoificha."

Nikamshika mkono, tukaingia topeni pamoja, namwonyesha pa kukanyaga.